Kila mlima na panzi wake

Kama umeshawahi kupanda ile barabara ya Hamsini na Saba pale Chimala basi nusu ya hii habari unaijua tayari. Pale chini ni Usangu kabisa, joto, mpunga, vumbi, shati limeganda mgongoni, alafu gari inaanza kukata kona, moja baada ya nyingine, ikifika ya ishirini masikio yanaziba, ya arobaini watu wanatoa masweta kwenye mabegi, na ukitokea juu upande wa Matamba unakuta makoti mazito, viazi, moshi wa kuni na baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Kona 57 tu na umeshahama nchi. Kwako wewe hiyo ni nauli na muda kidogo wa kukaa kwenye siti. Kwa panzi wa huko juu, asiye na mabawa na aliyezoea baridi ya Kitulo, hiyo barabara ni kama haipo, na Usangu kule chini kwake ni maji ya kina kirefu.

Niliwahi kumwangalia mmoja kwa karibu. Ilikuwa Juni, asubuhi ya saa moja hivi, uwandani Kitulo, nyasi zimeshika barafu nyembamba ile inayovunjika ukiikanyaga. Panzi kakumbatia bua la nyasi kwa miguu yote sita, nikamgusa na kidole, hakuruka, amekakamaa kama kijiti. Nikamtoa taratibu nikamweka kiganjani. Pale ambapo panzi wa mashambani ana mabawa marefu yanayofunika mgongo mzima, huyu alikuwa na vipande viwili vidogo, vidogo kama maganda ya ulezi, hata havikutani mgongoni. Nikamkalisha hapo mpaka joto la mkono likamwingia, akasogeza kipapasio kimoja, kisha cha pili, kisha mguu, alafu akaruka. Alifika kama hatua yangu moja.

Hiyo hatua moja iweke akilini, tutairudia.

Kwanza kwanini hana mabawa ya kurukia. Kuruka kwa mabawa ni gharama, misuli ya mabawa inakula chakula kingi, na kule juu kuna baridi, upepo, jua la kuota ni la masaa machache. Mdudu ambaye chakula chake kiko hapohapo alipozaliwa, na ambaye akiruka upepo unaweza kumpeleka bondeni akafe, anafaidika zaidi akitumia nguvu zake kwenye mayai kuliko kwenye misuli. Charles Darwin aliliona hili kwenye visiwa vya Madeira, kwamba kati ya spishi 550 za mbawakawa zilizokuwa zinajulikana kule, kama 200 mabawa yao hayakufaa kuruka. Milimani ni vilevile, kwenye milima mingi duniani utakuta panzi, mbawakawa na wadudu wengine wasioruka, na ndo hao ambao vinasaba vyao, yaani yale maandishi ya urithi ya ndani ya mwili, vina habari ndefu ya kusimulia.

Sasa angalia milima yetu kwa jicho la mdudu huyo. Kuna mlima Mbeya, kuna Uporoto, kuna Rungwe wenye mita kama 2,960, kuna uwanda wa Kitulo kwenye mita 2,600 hivi na safu ya Livingstone inayoangalia ziwa Nyasa. Ukienda mashariki unafika Makambako, alafu mbele zaidi ndo Udzungwa ya Iringa na Kilombero. Sisi Makambako tunaijua kama njia panda, lori, reli ya TAZARA, upepo. Wanaosoma viumbe wanaijua kama pengo, yaani sehemu kavu inayokata milima yenye misitu ya mvua ikabaki mafungu mawili, fungu la Rungwe na Livingstone huku, na fungu la milima ya kale ya tao la mashariki kule, linaloanzia Udzungwa mpaka Taita Kenya. Wataalamu wana jina la milima ya namna hii, wanaiita visiwa vya angani, na jina limekaa sawa kabisa kwasababu kinachotenganisha sio kilomita, ni joto na ukavu. Panzi anaweza kuwa anaona mlima wa pili kwa macho na asifike huko milele.

Watu wa huku mfano mwingine tunao mdomoni. Mhehe na Mbena wote watakuambia "kamwene" na wakikaa wanaelewana vizuri tu, lakini wakiongea haraka unasikia maneno yameachana hapa na pale. Hakuna kikao kilichokaa kikaamua neno hili tulibadilishe. Watu walikaa mbalimbali, kila upande ukawa unarithisha watoto maneno yake, na miaka ikafanya kazi. Vinasaba navyo vinaachana kimyakimya hivohivo, tofauti ni kwamba hapa kinachorithishwa sio neno ila ni maandishi ya ndani ya chembe hai za mwili, herufi nne zinazojirudia mamilioni ya mara, na kila kizazi yananakiliwa upya, na kwenye kunakili makosa madogo hayakosi. Kosa likitokea kwa panzi wa Rungwe linabaki Rungwe, halina mguu wa kwenda Udzungwa.

Ila makosa ya kunakili ni sehemu moja tu, na wala sio inayowachanganya watu. Inayowachanganya ni ile ya bahati, na nimegundua kuieleza kwa mdomo haitoshi, inabidi maharage.

Chukua mabakuli mawili. Kila bakuli weka maharage 10, mekundu 5 na ya njano 5. Hayo ndo makundi yako mawili ya panzi, kila moja kwenye mlima wake, na rangi ya haragwe ni aina ya jeni, yaani kipande kimoja cha vinasaba. Funga macho, chota haragwe moja, angalia rangi, andika, rudisha, koroga, chota tena, mpaka umechota mara 10. Hiyo ni kizazi kipya: kama umeandika mekundu 6 na njano 4, basi badilisha bakuli liwe hivo, uanze upya. Niliwapa kazi hii watoto wa dada yangu jioni moja nyumbani Uyole umeme umekatika, kila mmoja na bakuli lake, na mwanzoni walidhani ni upuuzi kwasababu namba zinapanda na kushuka tu, 6 kwa 4, 5 kwa 5, 7 kwa 3. Alafu bakuli la mkubwa likafika raundi ya 11 likawa jekundu tupu. Mdogo wake akaendelea mpaka ya 17, lake likawa njano tupu.

"Anko, sasa nani kashinda?"

Hakuna aliyeshinda na hilo ndo jambo lenyewe. Rangi nyekundu haikuwa bora kwenye bakuli la kwanza wala njano haikuwa bora kwenye la pili. Ni mkono uliochota kidogo kutoka kwenye kitu kidogo, na rangi ikishapotea haiwezi kurudi tena hata ukichota mpaka asubuhi, maana haipo bakulini. Wangekuwa na gunia zima kila mmoja, wakichota maelfu kwa maelfu, rangi zote mbili zingekaa muda mrefu sana kabla moja haijapotea.

Kuna hesabu yake na sio ngumu. Kila kizazi, kundi linapoteza kwa wastani sehemu 1 kwa mara mbili ya idadi ya wanaozaana, kwenye ule utofauti ambao mdudu anaubeba kwa kurithi jeni mbili zisizofanana kutoka kwa baba na mama. Panzi 50 wanaozaana: 1 gawanya kwa 100, yaani asilimia 1 kila kizazi. Kama wanazaa mara moja kwa mwaka, baada ya miaka 70 hivi nusu ya utofauti wao imeondoka, na hapo hakuna ugonjwa, hakuna moto, hakuna aliyewafanya kitu, wamekaa tu wachache. Panzi 5,000 kwa miaka hiyohiyo hawajapoteza hata asilimia 1. Na ujue kwamba wanaozaana sio sawa na wanaoonekana, unaweza kuona panzi wamejaa kwenye majani kumbe wanaofikisha mayai mpaka msimu unaofuata ni wachache mno.

Sasa rudi kwenye yale mabakuli mawili uyaangalie kwa pamoja, maana hapa ndo pana fundo ambalo hata watu waliosoma baiolojia wanalikosa. Mtu anasoma sehemu moja kwamba wadudu waliojitenga milimani wana utofauti mdogo wa vinasaba, anasoma sehemu nyingine kwamba wana utofauti mkubwa, anaona wanasayansi wanajipinga. Hawajipingi. Ndani ya bakuli moja utofauti umekwisha, rangi imebaki moja. Kati ya bakuli na bakuli utofauti umekuwa wa juu kabisa, moja jekundu, jingine njano. Ni kitu kimoja kilichofanya yote mawili. Kila mlima unafanana wenyewe kwa wenyewe huku unazidi kuachana na jirani yake, na ukitaka kuiona ile mali yote ya zamani, nyekundu na njano, lazima ushike mabakuli yote mawili. Ukilimwaga moja umepoteza rangi nzima.

Bahati haifanyi kazi peke yake, mazingira nayo yanachagua. Mdudu mwenye rangi nyeusi anapata joto la jua haraka kuliko mweupe, kwahiyo mlima wenye baridi kali unaweza kuwapa weusi nafasi kubwa ya kuzaa. Lakini nashauri usiwe mwepesi wa kutafuta sababu ya kila tofauti. Ukikuta panzi wa mlima huu ana mstari wa kijani na wa mlima ule hana, jibu linaweza kuwa ni mkono tu ulichota hivo, hasa kama kundi lilianza na wachache.

Na yalianzaje kuwa wachache? Hapo lazima turudi nyuma miaka mingi. Kama miaka 21,000 iliyopita, dunia ilipokuwa kwenye kilele cha baridi ya zama za barafu, milima ya Afrika Mashariki ilikuwa na baridi zaidi ya sasa kwa nyuzi 4 mpaka 5 hivi. Kwa kawaida ukipanda mita 100 joto linapungua kama nyuzi 0.6, kwahiyo nyuzi 5 ni sawa na kushusha mazingira ya juu kwa mita 800 na kitu. Fikiria hali ya hewa ya Kitulo imeshuka mita 800. Sehemu nyingi ambazo leo ni za joto zingeweza kupitika, japo ukavu wa kipindi hicho nao ulikuwa na mipaka yake, na dunia iliporudi kupata joto wale waliokuwa wameungana wakapanda kila mmoja na mlima wake, ile bahari ya joto ikajaa tena katikati. Hilo halikutokea mara moja, baridi na joto vimepokezana mara nyingi, kwahiyo milima imekuwa ikifunguka na kufunga kama mlango.

Kwetu Rungwe kuna la ziada. Mlima ule ulilipuka vibaya kama miaka 4,000 iliyopita, na majivu pamoja na yale mawe mepesi yanayoelea majini yakafunika eneo kubwa, mpaka leo ukichimba unakutana na tabaka lake, na wataalamu wamelikuta kwenye matope ya chini ya ziwa Masoko na hata ziwa Nyasa. Kwa panzi wa hatua moja mlipuko kama huo ni maangamizi, wanabaki waliokuwa kwenye kona iliyopona, wachache, na hao wachache ndo wanakuwa mababu wa wote wanaofuata. Ni sawa na kumwaga gunia na kuanza upya na kiganja kimoja.

Haya yote wanayajuaje? Kwa mguu. Mtafiti anachukua mguu mmoja wa mdudu, anauhifadhi kwenye spiriti kali, maabara inatoa vinasaba na kusoma herufi. Kuna kipande kinachopendwa sana kwa wadudu, kipo kwenye jeni inayoitwa COI, kina herufi 658, na kinarithiwa kwa mama peke yake. Kwa wadudu kuna makadirio yanayotumika sana kwamba koo mbili zilizoachana zinatofautiana kwenye vinasaba hivi vya upande wa mama kama asilimia 2.3 kila miaka milioni 1. Piga hesabu, kwenye herufi 658 hiyo ni herufi kama 15. Kwahiyo ukilinganisha mdudu wa mlima huu na wa mlima ule ukakuta wanatofautiana herufi 15, unaanza kuwaza kwamba bibi yao wa pamoja aliishi karibu miaka milioni 1 iliyopita. Ni saa ya kukadiria, inawahi na kuchelewa, na inafuata ukoo wa mama tu, ndo maana watafiti makini hawaishii hapo, wanasoma na jeni nyingine nyingi.

Marekani, mtafiti Lacey Knowles alisoma panzi wa jamii ya Melanoplus kwenye vilele vya milima ya Rocky, nao hawaruki kwa mabawa, na akaonyesha kwamba zama za barafu hazikuwachanganya tu wakawa kitu kimoja kama wengi walivyodhani, kule kusukumwa huku na kule na kuanza upya kwa makundi madogo kulichangia kuwaachanisha. Kanada nako kuna kipepeo wa mlimani, Parnassius smintheus, huyu anaruka vizuri tu lakini anakaa kwenye majani ya wazi, na utafiti uliotoka 1999 ulionyesha msitu ukikaa katikati ya uwanda na uwanda, vinasaba vinapita kwa shida kuliko pakiwa wazi. Hili la Kanada linanigusa kwasababu tumezoea kudhani kila mti ni faida kwa kila kiumbe. Kwa mdudu wa nyasi, shamba la paini ni ukuta, na sisi wa Mufindi na Makete tunajua ukuta huo umeenea kiasi gani.

Hapa nyumbani hata anayeruka anaachana. Papilio thuraui, kipepeo mkubwa wa milima hii, ana nasaba ndogo tofauti, yaani mafungu ndani ya spishi moja, kwenye nyanda za juu za Tanzania, Malawi na Zambia. Na kama wadudu wanakuwia vigumu kuwaona, chukua kipunji, yule tumbili aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005. Yuko Rungwe na Livingstone, alafu yuko Ndundulu kule Udzungwa, katikati hayupo. Hesabu iliyochapishwa 2008 ilipata 1,117 jumla, na kati ya hao 75 tu ndo wa Ndundulu. Vilipopimwa vinasaba vya upande wa mama, vya Rungwe vilionyesha dalili za kuchanganyika na nyani zamani, vya Ndundulu havikuonyesha. Jina ni moja, sura ni moja, historia mbili. Kama tumbili mwenye mikono na akili amekatwa na pengo lile, panzi yeye atasemaje.

Ndo maana nakereka nikisikia mtu anasema kichaka fulani kikifyekwa hakuna shida, "wadudu hao hata Kitulo wapo". Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na nashukuru sana kwa hilo, lakini Kitulo ni bakuli moja. Walioko mlima Mbeya au kwenye masalia ya msitu Mufindi wanaweza kuwa wamebeba rangi ambayo Kitulo haina na haitakuwa nayo. Na joto likizidi kupanda hali ni mbaya zaidi, maana nyuzi 1 tu inamdai mdudu apande kama mita 170 kupata baridi aliyoizoea, na mlima unavyopanda ndo unavyozidi kuwa mwembamba, ukifika kileleni hakuna pa kwenda.

Kuna wanaopendekeza tuwabebe, tuwatoe mlima huu tuwapeleke ule, damu ichanganyike. Inaweza kusaidia kundi lililochoka kwa kuzaana ndugu kwa ndugu, lakini ukiwachanganya walioachana muda mrefu sana watoto wanaweza kutoka dhaifu, hawafai baridi ya huku wala ukavu wa kule, kwahiyo sio kazi ya kufanya kabla ya kusoma ile miguu. Njia salama zaidi ni kuacha wapite wenyewe pale walipokuwa wanapita. Na hawahitajiki wengi, hesabu za vinasaba zinaonyesha hata mgeni mmoja anayefika na kuzaa kwa kila kizazi anatosha kwa sehemu kubwa kuzuia makundi mawili yasiachane kabisa.

Pale Bujingijila, kati ya mlima Rungwe na msitu wa Livingstone, kuna ukanda mwembamba ambao ndo unaunganisha pande hizo mbili, umeliwa na mashamba na ukataji kwa miaka mingi. Mtu anaweza kuuliza mdudu wa msituni anayeruka hatua moja atavukaje hapo hata miti ikirudi. Havuki yeye. Anafika kwenye kichaka kinachofuata, anataga, anafia hapo, na mwanae mwakani anaanzia pale alipoishia mama yake. Ukanda mzima unaweza kuchukua vizazi mia na isiwe tatizo, ili mradi kila panzi akiruka akute kichaka kinachofuata bado kipo.